Kamioni Ikisubiri Inalipwa

Depo niliyofanyia kibarua iko Kampemba, mjini Lubumbashi, Kongo, upande wa viwanda, nyuma ya ukuta uliopandwa vipande vya chupa juu. Jina la kampuni siliandiki. Mtu wa Lubumbashi atakisia, na akikosea si neno, maana nilifanya pia kwa jirani yao na mambo yalikuwa yaleyale. Itoshe kusema ni kampuni yenye maduka makubwa mjini, yale ya vigari vya kusukuma, ambako unachukua maziwa ya unga, mafuta, sabuni na samaki wa barafu bila kuongea na mtu mpaka ufike kwa keshia. Kila unachokiona kwenye rafu zile kimelala depo kwanza. Na depo, ukiwatoa magazinie (washika stoo), walinzi na watu wa ofisini, inaendeshwa na watu wa kulipwa kwa saa.

Kulipwa kwa saa ni jambo geni kidogo kwetu. Vibarua wengi wa mji huu hulipwa kwa siku, au kwa kamioni. Vijana wa komini ya Kenya (Kenya yetu ya hapa, si ile ya Nairobi) wanapatana na mwenye mzigo bei ya kushusha gari zima, wanashusha, wanagawana, wanakwenda zao. Wakimaliza mapema, faida ni yao. Kwa saa, wenzangu wengi waliona ni ustaarabu: mtu anafanya saa nane, analipwa saa nane, hakuna kubishana. Hata mimi, mwenye diploma ya serikali na niliyesoma biashara, niliipenda hesabu hiyo kwenye karatasi.

Lakini saa lazima ianzie mahali. Pale depo ilianza pale kamioni ilipofunguliwa mlango na magazinie akafungua kaye (daftari) yake. Ikasimama kamioni ilipokwisha. Kama nyingine haijafika, tulikaa chini ya hangari, kwenye maboksi yaliyokunjwa, tukiwa ndani ya ukuta, tumevaa majile ya kampuni, tumeshakaguliwa na mlinzi, tena hairuhusiwi kutoka nje. Na saa imesimama. "Tulishasimamisha saa, bamama," magazinie alikuwa anatuambia, kama mtu anayetangaza kwamba mvua imeanza. Unaweza kukaa ndani ya geti lile kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja usiku na ukaandikiwa saa nne.

Aliyenifumbua macho hakuwa mwanasheria wala mtu wa sendika, chama cha wafanyakazi. Alikuwa dereva Mtanzania aliyeleta mzigo kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000 za barabara, akipitia Zambia. Alifika, akaambiwa asubiri nafasi ya kushusha. Akatandika mkeka chini ya trela, akawasha jiko lake, akapika chai. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mimi nikadhani ana moyo wa subira kuliko sisi, nikamwuliza kama hachoki. Akacheka. "Dada, mimi nachoka, lakini gari halichoki. Kila siku linapolala hapa baada ya siku zilizomo kwenye mkataba, tajiri wangu anawadai hawa jamaa. Ndiyo maana yule bosi wenu anazunguka na simu."

Ni kweli alikuwa anazunguka na simu. Nami nilianza kuangalia depo kwa jicho lingine. Kamioni ikicheleweshwa, kuna mtu anaandika siku na kuna mtu atazilipa. Kontena isiporudishwa kwa wakati, kampuni ya meli inadai. Barafu ikisubiri, inaunguza mafuta ya jenereta, na mafuta yanaandikwa. Katika ukuta ule mzima, kitu pekee ambacho kusubiri kwake hakukuwa na bei ni sisi. Na kwa sababu hakukuwa na bei, hakuna aliyejisumbua kupunguza kusubiri huko. Ukiita watu ishirini saa kumi na mbili kwa kamioni ambayo huenda ikafika saa tano, hupotezi kitu. Ukiwaita saa tano, huenda ukakosa watu. Bosi wetu hakuwa mtu mbaya. Alifanya hesabu ambayo mimi mwenyewe ningeifanya, kama ningekuwa upande ule wa kaye.

Tuje getini. Foleni ilianza gizani. Mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi ni baridi kwelikweli. Tuko juu, zaidi ya mita 1,200, na asubuhi za kiangazi upepo unapita kwenye kitenge kana kwamba hukukivaa. Mama wa chai alikuwa anafika kabla yetu, na vitumbua vyake kwenye beseni lililofunikwa, na alikopesha wale aliowajua. Alijua kuliko mtu yeyote nani atapata kazi siku ile, kwa sababu alikopesha kulingana na hilo. Ukimwona anakukatalia chai, ujue jina lako halimo.

Maana majina yalikuwa tayari. Mkuu wa vibarua alitoka na karatasi, akasimama kwenye kizingiti. "Leo niko na nafasi ya batu kumi. Bale ba jana bangoje kando." Kwanza aliwaita walioongea naye usiku kwa simu. Halafu wale wenye mtu ndani: shemeji wa mlinzi, mtoto wa mama anayefagia ofisi, kijana anayesali pamoja na magazinie. Nafasi mbili tatu zilizobaki ndizo zilizogombaniwa na umati. Hapo mkuu alichagua kwa macho, akitazama mabega ya wanaume na viatu vya wanawake. Viatu, kwa sababu mwanamke aliyekuja na sapato (ndala) hawezi kuingia chumba cha barafu, na chumba cha barafu ndicho kilichokuwa kinatafutiwa wanawake.

Waliobaki hawakuondoka. Hilo ndilo linalowashangaza watu ninaowasimulia. Walikaa mpaka saa nne, saa tano, kwa sababu mtu anaweza kuumia ndani, au kamioni mbili zikafika pamoja. Na kweli ilitokea mara kwa mara, vya kutosha kumfanya mtu asirudi nyumbani.

Kazi yenyewe sikuichukia. Kupanga paleti ni ufundi, na nilifundishwa na mzee mmoja tuliyemwita Papa Paleti, aliyewahi kufanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, na hakuvumilia uzembe. Safu ya kwanza ya katoni inalala kwa urefu, ya pili inakatisha, ya tatu inarudi kama ya kwanza, ili kila katoni ishikwe na mbili zilizo chini yake. Zote za kona ziwe sawa na ukingo wa mbao, zisitoke hata kidole, maana kona inayotoka ndiyo inayogongwa na mashine ya kuinua. Maandishi yatazame nje, la sivyo magazinie atakuambia ubomoe. Kisha plastiki ya kufungia: unaanzia chini, unazungusha mara tatu ukishika na mbao yenyewe, unapanda ukitembea kinyumenyume umeinama, na ukifika juu unaisokota kama kamba, unaichomeka. Ukikosa kufunga mbao ya chini, mzigo wote utateleza siku ya kwanza kwenye mashimo ya barabara. Papa Paleti alikuwa akimaliza anaupiga mzigo kwa kiganja na kuusikiliza. Sijui alikuwa anasikia nini. Paleti zake hazikuanguka.

Chumba cha barafu ni habari nyingine. Samaki wa barafu anayeliwa hapa na bukari (ugali) anatoka mbali, wengi wao pwani ya Namibia, na hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Tuliingia kwa zamu fupi, wawili wawili, kutoa katoni za maduka. Makoti yalikuwa matatu. Watu wa zamu walikuwa zaidi ya hapo, kwa hiyo ulivaa koti lenye jasho la mwenzako ambalo lilishaanza kuganda kwenye kola. Mikononi tulivaa soksi, mbili mbili, kwa sababu glavu za kampuni zilikuwa kubwa na katoni ikichukua umande inaponyoka. Ukitoka, vidole vinarudi na maumivu kama ya kuchomwa, na hiyo dakika ya kusimama ukivipuliza, kama mkuu yupo, ni dakika ya kusemwa. Umeme wa SNEL, shirika la umeme, ulipokatika tulibaki gizani mpaka jenereta ishike. Wasichana wapya walipiga kelele. Sisi tulihesabu kwa sauti ili anayetufuata asitugonge.

Nilidumu kwa sababu ya namba. Niliweza kusoma boni (hati) ya mzigo na kusema katoni ngapi zimepungua kabla dereva hajasaini, na magazinie alianza kuniita jina langu badala ya kuniita "weye wa kitenge cha bleu". Basi nikaanza kuitwa mara nyingi. Na hapo ndipo nikakutana na 22.

Shemeji yangu anasoma sheria hapa Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Aliniletea Kanuni ya Kazi ya Kongo, sheria namba 015 ya tarehe 16 Oktoba 2002, akanifungulia kifungu cha 40. Kinasema hivi, kwa maneno yangu: mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimwajiri tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa kudumu. Hahitaji kusaini kitu. Sheria yenyewe inamfanya kuwa mfanyakazi, na haki zake zote: likizo, notisi, michango ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Nilikisoma mara kadhaa. Nilifurahi, halafu nikaacha kufurahi, kwa sababu nilikumbuka mambo niliyoyaona bila kuyaelewa. Kwa nini wasichana wazuri wa kazi walipotea katikati ya mwezi na kurudi baadaye. Kwa nini karatasi ya majina haikuwa kwenye daftari bali ilichanwa kila jioni. Na kwa nini siku moja mkuu wa vibarua alinivuta pembeni kwa upole kabisa, akasema: "Yaya, jina yako ilikuwa mingi. Leta ingine."

Nikaleta la mdogo wangu. Kwa muda nilikuwa yeye. Baadaye niliambiwa nilete lingine, nikawa binamu yangu. Hakuna aliyeona aibu, si mimi wala si yeye. Tulikuwa tunashirikiana kutafuta njia ya mimi kuendelea kula. Mtu aliyefanya kazi katika depo ile kwa misimu kadhaa, kwenye karatasi zao alikuwa wanawake watatu ambao kila mmoja alipita tu.

Kuna wanaosema sheria yetu ni mbaya. Mimi naona ni nzuri, tena nzuri kupita kiasi cha wale wanaoishika. Mwenye kaye ndiye anayehesabu hadi 22, na anajua kuhesabu hadi 21. Mkaguzi wa Kazi akija ataonyeshwa majina, na majina yatakuwa safi. Siku hizi depo nyingi zimeacha hata kujisumbua na majina: zinachukua watu kwa kampuni ya katikati, inayokodisha vibarua, na ukiuliza habari ya mkataba kila upande unakuelekeza kwa mwenzake.

Mshahara nao una mlango wake wa nyuma. Kima cha chini cha serikali kimewekwa kwa siku: faranga 7,075 tangu Mei 2018, kikapandishwa kufika 14,500 mwaka 2025. Kampuni ya saa inagawanya kima hicho kwa saa nane, inaongeza kidogo, na inakwambia kwa kifua mbele kwamba inalipa juu ya kima. Ni kweli kwa kila saa. Sasa nipe saa nne kwa siku, uniambie tuko juu au chini.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya malipo, na hapo pia palikuwa na mchezo wake. Bei ya saa tuliambiwa kwa dola, maana kila kitu cha maana Lubumbashi husemwa kwa dola, kuanzia kodi ya nyumba hadi mahari. Kulipwa tulilipwa kwa faranga. Kwa kiwango gani? Cha kampuni. Kambiste (mbadilisha pesa) aliyekaa na kijimeza chake mbele ya geti alikuwa na kiwango kingine, na mama wa chai cha tatu. Tofauti ilikuwa ndogo kwa mtu mmoja. Ukiizidisha kwa watu wote wa depo na wa maduka, si ndogo tena. Walipohamia kulipa kwa simu, tofauti ya kiwango ikabaki na gharama ya kutoa pesa ikaongezeka, juu yetu.

Baba yangu alikuwa hawezi kuelewa lolote kati ya haya, na simlaumu. Yeye alikuwa mtu wa Gécamines. Alikuwa na namba ya kampuni, matrikile, ambayo aliijua kuliko tarehe ya kuzaliwa ya watoto wake. Kwa namba ile alipata nyumba, sisi tulisoma shule ya kampuni, mama alijifungulia hospitali ya kampuni, na unga ulikuwa unatoka kwa namba ileile. Kwa watu wa umri wake, kazi ilikuwa baba, kazi ilikuwa mama, na walilisema hivyo hivyo bila kutania. Unyevunyevu wa ukoloni ulikuwa ndani ya mambo yale, najua. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyotangulia Gécamines, haikujenga kambi za wafanyakazi kwa huruma, ilichoka kuleta watu wapya kila mara na kuwafundisha upya. Miaka ya 1920 ilipiga hesabu ikaona mtu anayekaa na mke na watoto ana faida kuliko mtu wa kupita.

Mwaka 2003 Gécamines ilipoishiwa, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, kwa pesa za Benki ya Dunia. Baba alikuwa mmoja wao. Alisaini, akapewa fungu lake, akanunua mashine ya kusaga mahindi iliyokufa kabla ya mwaka kwisha. Nilipomweleza kwamba nafanya kazi lakini sina namba, alifikiri nimeficha kitu. "Kazi ya namna gani haina namba?" Nikamwambia inayo, ni 22. Hakucheka.

Nina binamu Louisville, kule Kentucky, Marekani. Alipita kambi ya wakimbizi kwanza, miaka mingi, kisha wakampokea kule pamoja na familia. Anafanya kazi katika depo ya kampuni kubwa ya maduka, naye kwa saa. Tulikuwa tunapigiana usiku wa kwake, alfajiri yangu, yeye akitoka mimi nikijiandaa kwenda getini, na sijapata kuongea na mtu aliyenielewa haraka kama yeye. Paleti ni paleti. Plastiki wanaifunga vilevile, kuanzia mbao ya chini.

Tofauti ni saa. Yeye anagonga kadi mlangoni na saa inaanza, kamioni iwepo isiwepo. Nilipomwambia habari ya kusimamisha saa tukiwa ndani ya ukuta alinifanya nirudie. Nikamwonea wivu, wala sifichi. Akaniambia: "Huku banalipa kungoja. Lakini habakuache ungoje hata kidogo." Kila katoni anayoigusa anaisoma kwa kimashine cha mkononi, na kimashine kinajua ni dakika ngapi zimepita tangu ile ya mwisho. Akienda chooni kinajua. Kuna kiwango kwa saa, na jina la aliye chini ya kiwango linatoka lenyewe, bila mkuu yeyote kulichagua kwa macho. Na akifukuzwa hana 22 wala kifungu cha 40: karibu majimbo yote ya Marekani, Montana peke yake ikitofautiana, mwajiri anaweza kumwachisha mtu bila kutoa sababu. Tulicheka siku ile. Mimi nina sheria isiyonifikia, yeye ana saa isiyomwacha.

Kima cha chini cha serikali yao kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijasogea tangu 2009, jambo lililonishangaza kwa nchi ile. Kinachosogeza mishahara ni kampuni zenyewe zinapokosa watu, na majimbo. Amazon, ambayo siyo kampuni ya binamu yangu, ilipandisha kima chake kufika dola 15 kwa saa kuanzia Novemba 2018. Habari ya viwango vya mashine imefika kwenye sheria pia: California ina sheria iliyoanza Januari 2022 inayozilazimu depo kubwa kumwonyesha mfanyakazi kiwango anachopimwa nacho, na kukataza kiwango kinachomnyima mapumziko ya chakula au nafasi ya kwenda chooni. Mwaka huohuo, mwezi wa nne, wafanyakazi wa depo ya Amazon pale Staten Island, New York, walihesabiwa kura, wakawa wamekubali kuwa na sendika yao. Binamu yangu alinitumia video, watu wanafungua chupa ya shampeni barabarani. Niliwaonyesha wenzangu chini ya hangari. Swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa: "Bale bako na majina yao wenyewe?" Yaani, wameandikwa kwa majina yao? Nikasema ndiyo. Wakatikisa kichwa kwamba basi, hiyo inawezekana.

Sidhani kama nimewahi kusikia uchambuzi bora wa mambo ya sendika. Huwezi kupiga kura kwa jina la mdogo wako.

Siku zangu za mwisho pale zilikuja na mpaka. Agosti 2024, Kongo ilizuia vinywaji kutoka nje visiingie upande wetu, bia na soda, madereva wa Zambia wakalalamika, na serikali ya Zambia ikafunga mpaka: Kasumbalesa, Mokambo, Sakania. Ilikuwa siku chache tu, wakaelewana, wakafungua. Kwenye magazeti habari ikaishia hapo. Kasumbalesa haifiki kilomita 100 kutoka hapa, na ndiyo koo ambalo mji wote unamezea. Kwetu siku zile za kufungwa zilikuwa siku za saa sifuri. Tulikwenda getini hata hivyo, kwa sababu asiyeonekana siku mbaya haitwi siku nzuri. Mama wa chai aliacha kukopesha.

Kisha zikaingia zote kwa pamoja. Kamioni zilipanga mstari kutoka geti hadi kona, na tulifanya kazi usiku na mchana, wengine walilala kwenye maboksi wakaamshwa. Kanuni ya Kazi inasema saa tisa kwa siku na 45 kwa wiki. Wiki ile kaye iligeuka na kuwa karimu ghafla. Madereva nao, waliokuwa wamesubiri, walikuwa na karatasi zao za siku, na nilimwona mkuu wa ofisi akizisaini moja baada ya nyingine juu ya boneti, bila kubisha. Nilikuwa nimesimama pale na boni mkononi. Nikamwuliza magazinie kama zile siku tulizokaa getini zingeweza kuandikwa hata nusu. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua ina risiti. "Yaya, nani aliwaita?"

Na hilo, naomba lieleweke, ndilo jibu lao lote. Hatukuitwa. Tulikuja wenyewe.

Sikuacha siku ile. Niliacha baadaye, nilipopata kushika hesabu katika duka la dawa, kwa mwezi, kwa jina langu. Lakini wanawake wa barafu waliendelea na swali langu bila mimi, na kwa njia nzuri kuliko yangu: waliomba saa ianze mtu anapokabidhi kitambulisho kwa mlinzi, kwa sababu kuanzia hapo hawezi kutoka. Walikwenda kwa magazinie wote kwa pamoja, asubuhi ambayo kulikuwa na samaki wa kushusha. Walipata kitu. Sasa mtu akishaingia ndani ya geti, hata kamioni isifike, anaandikiwa saa moja. Moja tu, lakini ni saa ya kwanza ya kungoja niliyowahi kusikia imelipwa katika depo ya mji huu.

Kampuni ilijibu kwa akili. Foleni ya getini imefutwa. Kuna kundi la WhatsApp, na mdogo wangu, yule niliyetumia jina lake, yumo. Ujumbe unakuja saa yoyote: watu sita, barafu, sasa hivi. Wanaojibu kwanza ndio wanaopata, na asiyefika kwa muda uliopangwa nafasi yake inapita. Anayekaa Kampemba anakimbia kwa miguu. Sisi tuko Katuba. Ni lazima apande moto (pikipiki), na moto unakula saa nzima ya kazi kabla hajaifanya. Kwa hiyo anakaa na simu mkononi, amevaa viatu, na umeme wa Katuba mnaujua, wa kukatikakatika. Hawezi kwenda kuuza, hawezi kufua, hawezi kuchukua kazi nyingine ya mchana. Kungoja kulekule kumehamishiwa chumbani kwetu, na saa ile moja ya getini haimhusu tena, kwa sababu sasa anaitwa kamioni ikiwa imeshafika.

Wiki iliyopita nilimwambia aandike kwenye lile kundi: kama mnataka tujibu ndani ya dakika tano, basi hizo saa tunazoshikilia simu ziwe na bei, hata ndogo, kama ile ya kamioni inayolala nje. Nilimwandikia maneno kabisa, kwa Kifaransa kizuri, abandike tu. Alisoma, akafunga simu. Alisema mimi nina ujasiri mwingi tangu nilipoanza kulipwa kwa mwezi, na kama napenda nijiunge mwenyewe nibandike, namba ya mkuu wa vibarua ninayo.